Kwenda Amu na Vijana wa Okestra

Basi letu liliondoka Malindi kabla ya jua kupanda, na mjadala wa kwanza wa safari ulihusu besi. Utingo aliitazama ile ala iliyompita kimo, akasema buti haiingii, na ikifungwa juu ya paa hawezi kutuahidi kwamba itafika nzima. Tuliikatia tiketi yake, ikasafiri kwenye kiti cha nyuma, na mimi nikaketi kando yake hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda kisiwani. Nilikuwa nimefuatana na vijana ninaowafundisha fidla na chelo, tukielekea Lamu, ambayo wenyeji huiita Amu, wakati wa likizo ya Agosti ili kukutana na wenzao wa Mombasa, Kilifi na Amu yenyewe, kwa mazoezi ya okestra ya vijana wa Pwani. Ya njiani hayana mengi: tulivuka Sabaki, tukapita Gongoni, Garsen na Witu, tukateremka kila tulipoambiwa tuonyeshe vitambulisho, na waliobaki macho walikuwa wachache.

Mokowe tulikuta kusi limechachamaa. Nahodha wa boti alitutaka tuzifunike ala kwa turubai, nasi tulikwisha kuzifunga kwa nailoni tangu Malindi, kwa kuwa mtu anayefundisha fidla kwenye mji wa bahari hujifunza mapema kuliogopa rasharasha la chumvi. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, vigingi hukwama, gundi ya mbavuni huachia, na nyuzi za chuma hushika kutu hata ndani ya mkoba wake. Nayasema haya kwa sababu watu huniuliza mara nyingi kwa nini kila shule isinunue ala zake yenyewe. Chelo moja isiyotunzwa huweza kuharibika kabla mwanafunzi hajamaliza kidato cha nne, na shule iliyopata fidla nne kwa msaada haiwezi kupata pia viola, besi, obo na tarumbeta, wala walimu wa kuzifundisha zote. Okestra ina viti vingi kuliko uwezo wa mji mmoja. Malindi tuna chelo lakini hatuna anayepiga nai, ile filimbi ya mwanzi. Amu wana nai na udi lakini hawajawahi kuwa na chelo. Mombasa wana wapiga fidla wa kutosha ila viola haipendwi huko pia. Eneo zima la Pwani likikusanywa, viti hivyo karibu vyote hupata wenyewe.

Gatini hamali walizipokea ala, punda mmoja akabebeshwa stendi za noti, nasi tukafuata vichochoro hadi ukumbi tuliokuwa tumeazimwa mtaa wa Langoni. Ratiba ilipangwa kwa kufuata sala: mazoezi ya asubuhi hadi adhuhuri, kisha mapumziko ya chakula, kisha tena baada ya alasiri mpaka magharibi ikikaribia. Mgeni mmoja kutoka bara alidhani mpangilio huo utatupotezea muda. Mimi naona ulitusaidia, kwa sababu kijana akijua kwamba adhana haimsubiri hachezei saa aliyopewa.

Okestra kubwa hulinganisha ala zake kwa noti ya A inayopigwa na obo. Sisi hatukuwa na obo, basi mzee mmoja wa taarabu aliyekuja kututazama alitoa akodiani yake na kutupigia noti hiyo, na sote tukalingana nayo. Haukuwa ufumbuzi wa kubabaisha hata kidogo, maana sauti ya akodiani haibadiliki kwa joto la mkono wala kwa pumzi ya mpigaji, na wazee wa taarabu wameitegemea kwa kazi hiyo miaka mingi.

Nitasimama kidogo kwa msichana mmoja niliyetoka naye Malindi. Kwao yeye ndiye fidla. Harusini, kanisani na kwenye sherehe za shule huitwa peke yake, na husifiwa hata anapokosea kwa kuwa hakuna aliyemzoea mwingine wa kumlinganisha naye. Huku Amu aliwekwa fidla za pili, kundi linalozisindikiza fidla za kwanza, upande wa ndani wa stendi anayotumia pamoja na kijana wa Kilifi, na mwenye kukaa upande huo ndiye anayeacha kupiga ili afunue ukurasa huku mwenzake akiendelea. Siku ya kwanza alinuna waziwazi. Baada ya siku mbili nilimsikia akimuuliza kijana yule anaupeleka vipi upinde ili sauti isikwaruze, na hilo hakuwahi kuniuliza mimi mwalimu wake. Ninaamini faida kuu ya okestra ya eneo ni hiyo, kumtoa mtoto katika upweke wa kuwa hodari pekee wa mji wake, na tamasha la mwisho ambalo wafadhili hupenda kulipiga picha huja nyuma kabisa. Mashindano ya muziki ya shule, ambayo nimeyahudhuria na kuyapenda, hayafanyi kazi hii. Pale kijana wa shule nyingine ni mpinzani, na matokeo yakishatangazwa kila basi hurudi lilikotoka.

Lililonishughulisha zaidi lilitokea tulipoanza kipande cha taarabu. Vijana wa Mombasa na Malindi husoma noti vizuri, kwa kuwa wamefundishwa kwa mitihani ya muziki ya Uingereza, lakini tulipoingia makamu ya rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, walikosa kabisa zile sauti za nusu ya nusu, ambazo kinanda hakina. Kijana wa Amu mpiga nai, aliyekulia katika maulidi na hajawahi kufundishwa kusoma noti, alizipiga bila kufikiri. Mwalimu wa fidla alimwomba aipige sauti ya tatu ya ngazi hiyo peke yake, tena na tena, huku wengine wakiitafuta kwa vidole, kila mmoja akisogeza kidole chembe kwa chembe juu ya uzi. Jioni ile ile watoto wawili wa Mombasa waliketi naye barazani wakimfundisha kuhesabu mapigo ya kimya, kwani katika okestra mpigaji huweza kukaa hatua nyingi bila kutoa sauti na bado anatakiwa aingie mahali pake bila kukosea.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kigeni. Msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari hiyo alieleza kwamba mfalme alikuwa na wapiga tarumbeta, na pamoja nao siwa mbili za pembe zenye kimo cha mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni na kupatana vizuri na tarumbeta zile. Kupanga ala nyingi zisikilizane tumekujua hapa kwa karne nyingi. Kilichokuja baadaye ni utaratibu wa kuwakusanya vijana kutoka miji mbalimbali. José Antonio Abreu alianza mwaka 1975 na wanamuziki 11 katika gereji mjini Caracas, na mpango wake ukaenea Venezuela nzima kwa vituo vya mitaani vinavyolisha okestra za majimbo. Hapa kwetu Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics, mpango wa kuwafundisha vijana muziki wa okestra, huko Korogocho, Nairobi, mwaka 2008, na Unguja wana chuo cha muziki wa nchi za jahazi tangu mwaka 2002, ambako udi na ganuni hufundishwa pamoja na fidla. Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyefariki mwaka 2016, alizaliwa Lamu lakini jina lake lilikulia Mombasa. Sioni kwa nini kila kijana wa Amu mwenye kipaji alazimike kuhama moja kwa moja, ikiwa anaweza kwenda likizo moja na likizo ijayo wenzake wakamjia.

Usiku wa mwisho wazazi walikuja kikaoni. Tulikubaliana kwamba besi ibaki Amu, ili kijana mmoja aanze kujifunza na tusiikatie tena tiketi, na kwamba mkutano wa Desemba ufanyike Malindi. Nauli ilizua maneno, kisha baba mmoja mwenye boti akajitolea kuwavusha watoto hadi Mokowe bure, na iliyobaki ikagawanywa. Mama mmoja alikuwa amenyamaza muda wote.

"Mwalimu, mwanangu ni msichana," akasema. "Malindi atalala wapi, na atalala na nani?"

Nilimweleza kwamba wasichana watakuwa nyumba moja na mwalimu wao wa kike, na nikampa namba ya mwalimu huyo ampigie mwenyewe. Alimpigia pale pale, wakazungumza kirefu kuhusu chakula, sala na saa za kutoka. Alipokata simu aliomba kalamu, akaandika jina la bintiye kwenye orodha ya fidla za pili.