Kazi Isiyo na Karatasi

Jumatano, usiku

Pasipoti imerudi leo. Iko mezani kando ya brashi, na sijaifungua tena tangu nilipotoka ubalozini. Nataka kwanza niandike ya miezi hii tisa ya kutafuta viza ya kufanya kazi Ujerumani, kabla hayajapoa. Najijua: nikishapanda ndege nitaanza kuisimulia kama njia iliyonyooka, na haikunyooka hata siku moja.

Nachora vitabu vya watoto. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja bila mwajiri, bila hati ya mshahara, na mara nyingi bila mkataba. Kazi huja kwa mdomo. Aliyeridhika humwambia mwenzake, mwenzake hunitafuta, tunapatana bei, nachora, nalipwa mkononi, tunaagana. Miaka yote hiyo niliihesabu kuwa ndiyo heshima yangu, kwamba neno langu linatosha. Nilipoanza kushughulikia viza ndipo nilipoona kwamba fomu haina mahali pa kuweka neno la mtu.

Ilianza na barua pepe ya mchapishaji mmoja wa Ujerumani. Alitaka nichore mfululizo wa vitabu vinne, na akapendelea nikae karibu na wahariri wake kwa mwaka mmoja au miwili. Viza ya kawaida ya Schengen, ile ya muda mfupi ya nchi nyingi za Ulaya, haikunifaa. Inakupa siku 90 tu ndani ya kila siku 180, tena ni ya kutembelea. Nikaanza kusoma.

Nilichungulia kwingine pia, maana niliona nikishaanza kubisha hodi nijue milango yote. Marekani wana viza ya O-1 kwa wasanii wenye uwezo usio wa kawaida, lakini huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima mwajiri au wakala aliye kule akuombee, na kama huna tuzo kubwa utoe angalau aina tatu za ushahidi kati ya sita zilizotajwa. Uingereza, tangu Februari 2020, wana ile ya Global Talent isiyohitaji mwajiri; msanii huthibitishwa kwanza na chombo cha fani yake, na hata ambaye hajafika kileleni ana nafasi akionyesha kwamba yuko njiani. Ni njia nzuri, na ningekuwa na watu wa kunithibitisha kule ningeijaribu. Wangu walikuwa Ujerumani.

Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani ina kifungu cha 21, na aya yake ya 5 inawahusu watu wa kazi huru, yaani wanaojitegemea bila mwajiri, wasanii wakiwemo. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi kuliko kitabu chochote mwaka huu. Kilichonivuta ni kwamba haikuulizi kama una jina kubwa. Maswali yake ni ya mtu anayetaka kujua utaishije: nani atakupa kazi huku, watakulipa kiasi gani, utakaa wapi, ukiugua nani atalipa. Aliyevuka miaka 45 huulizwa na akiba ya uzeeni. Ukikubaliwa, kibali cha mwanzo kinaweza kufika miaka mitatu. Nilijisemea, haya ni maswali ya haki. Sikujua bado jinsi yalivyo mazito kuyajibu kwa maandishi.

Niseme jambo moja kwa yeyote anayeanza, kwa sababu mimi lilinila miezi miwili. Maelezo mengi utakayoyakuta mtandaoni yameandikwa na watu wenye pasipoti za Marekani, Kanada, Australia, Japani na nchi nyingine chache ambazo raia wake huruhusiwa kuingia Ujerumani bila viza na kuomba kibali wakiwa wamekwisha fika. Wanaandika kwa moyo safi, na wanaeleza walivyopanga chumba, wakaenda ofisi ya wageni, wakatoka na kibali. Nikafuata hatua zao moja baada ya nyingine, mpaka nikaja kung'amua kwamba hatua yao ya kwanza ni ndege. Sisi wengine hatua ya kwanza ni ubalozi, viza ya kitaifa ya aina ya D, ile ya kukaa muda mrefu, na kila karatasi iwe imekamilika kabla hujagusa kule. Soma kwanza kanuni zinazohusu pasipoti yako. Mengine yatafuata.

Halafu barua.

Nilikusanya barua tano za watu wanaoijua kazi yangu, nikazipanga kwenye bahasha na kuona nimemaliza kazi. Zilikuwa nzuri kweli. Mmoja aliandika kwamba michoro yangu inawafanya watoto wanyamaze. Nikampelekea rafiki yangu mpiga picha, aliyepita njia hii kabla yangu, azipitie. Alizisoma zote, akazikunja, akaniambia, "Dada, hizi ni barua za kukusifu. Wanataka barua za kukutuma."

Barua ya kukutuma ni nyingine kabisa. Inatoka kwa mtu aliye kule, yenye anwani na sahihi yake, inasema anakusudia kukupa kazi fulani, kwa muda fulani, kwa malipo fulani. Sifa zikiwemo si vibaya, ila hazihesabiki. Kinachohesabika ni tarakimu.

Hapo ndipo nilipokwama. Mteja anataka ufike ndipo akupe kazi. Viza inataka kazi ndipo ufike. Niliandika barua pepe kumi na nne kwa watu nisiowahi kuwaona, kila moja kivyake, nikitaja kitabu chao nilichokipenda na sababu ya kukipenda. Kumuuliza mtu mgeni kwa adabu, "Je, ungekuwa tayari kuandika kwamba utanilipa?" kulinigharimu kuliko mchoro wowote. Nimezoea kuchora kwanza, kazi yenyewe ikanisemea. Hapa nilitakiwa niongee mimi, na niongee fedha.

Kumi na wawili hawakujibu. Siwalaumu. Wawili walijibu. Mmoja ana jukwaa dogo la vikaragosi na alihitaji mandhari za michezo miwili. Wa pili ni mhariri wa jarida la watoto, naye alikuwa wa kwanza kuandika kiasi: kurasa sita kwa mwezi, na malipo ya kila ukurasa. Niliisoma tarakimu ile nikiwa nimesimama, nikaketi, machozi yakanitoka. Haikuwa fedha nyingi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuandika thamani ya kazi yangu kabla sijaifanya.

Ukabaki ushahidi wa nyuma. Nilitakiwa kuonyesha kwamba kwa miaka hii nimeishi kwa kuchora, na wangu ulikuwa vitabu vyenyewe na karatasi chache mno. Nikaanza kuwarudia wateja wa zamani. Baadhi hawakukumbuka walinilipa kiasi gani. Wengine walikumbuka ila hawakutaka kuandika, na nilielewa kwamba sahihi inaogopesha watu.

Nikamwendea mwandishi mmoja mzee niliyemchorea kitabu miaka tisa iliyopita. Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu, nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Aliingia ndani akakaa kitambo. Alipotoka alishika bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na michoro yangu ya mwanzo mwanzo, ile ya penseli niliyodhani ilitupwa siku nyingi. Nyuma ya kila mmoja alikuwa ameandika kwa mkono wake tarehe niliyouleta, kiasi alichonilipa, na neno moja juu ya mchoro wenyewe. Nyuma ya mmoja aliandika "umekataa kukaa". Nyuma ya mwingine, "huyu mtoto anapumua".

"Mwanangu," akasema, "nilijua siku moja utaulizwa."

Siku ile ile alinichapia barua ya kurasa mbili, akaambatanisha nakala za migongo yote kumi na minane. Katika faili langu zima hakuna kilichokuwa na uzito kama hicho. Lakini kuna kitu kilinichoma pia. Huyu mzee alinitunzia kumbukumbu ambazo mimi mwenyewe sikujali kuzitunza. Nilichora miaka kumi na moja kana kwamba kazi yangu haistahili daftari. Tangu jioni ile natoa ankara kwa kila kazi, hata ya mchoro mmoja, na kama mteja ni ndugu yangu naye anapata ankara.

Mpango wa fedha niliufanya kwa siku mbili: mapato kwa mujibu wa zile barua, pango, bima, kodi ya serikali, vifaa. Hapo nikajifunza mpaka ambao sikuujua. Anayechora vitabu kwa kuagizwa huhesabiwa mtu wa kazi huru na hahitaji kusajili biashara. Akianza kuchapisha michoro yake kwenye fulana na vikombe akauza, hiyo tayari ni biashara na ina taratibu zake. Niliondoa kadi zangu za kuuza kwenye mpango. Nyumba nilipata kwa barua ya mwenye nyumba anayekubali nijiandikishe kwake, maana sheria inataka uandikishe anwani ndani ya wiki mbili tangu kuhamia.

Bima ndiyo iliyonikesha, kwa sababu ya kitu kizuri nilichokikuta njiani. Ujerumani ina mfuko wa bima ya jamii ya wasanii uitwao Künstlersozialkasse, wenye makao yake mji wa Wilhelmshaven. Sheria yake ilipitishwa 1981 na kuanza kufanya kazi 1983. Msanii wa kujitegemea hulipa nusu ya mchango wa bima ya afya, ya matunzo na ya uzeeni, kama mfanyakazi aliyeajiriwa. Nusu nyingine hutoka kwenye ruzuku ya serikali na kwenye tozo wanayolipa wachapishaji, majumba ya maonyesho na wengine wanaotumia kazi za wasanii. Kwa kawaida unatakiwa upate zaidi ya euro 3,900 kwa mwaka kutokana na sanaa yako, na anayeanza husamehewa sharti hilo miaka mitatu ya mwanzo. Nilisoma haya saa nane usiku nikabaki nimekodolea kioo. Mahali fulani watu waliketi wakaandika kwenye sheria kwamba anayenufaika na mchoro achangie uzee wa aliyeuchora. Huwezi kujiunga ukiwa bado hujafika, kwa hiyo nilinunua kwanza bima binafsi, ila ombi la mfuko nimeliweka juu kabisa ya orodha ya kufanya nikifika.

Siku ya miadi nililipa ada ya euro 75, nikaweka vidole kwenye mashine. Kidole cha shahada cha kulia kilikataa mara mbili. Ngozi yake imelika kwa miaka ya kusugua makaa na karatasi ya msasa. Mhudumu alinipa kitambaa chenye unyevu, akaniambia nisiwe na haraka, mara ya tatu kikakubali.

Aliyenihoji aliuliza yaliyotarajiwa, kisha akauliza moja ambalo sikulitarajia: kwa nini mchapishaji huyu asichukue mchoraji wa huko huko? Nilikuwa na jibu la maneno nililolifanyia mazoezi. Nikaliacha. Nilitoa kitabu cha mwisho nilichochora, nikakifungua ukurasa wa katikati, nikakisukuma chini ya kioo. Alifunua kurasa tano, sita, taratibu, halafu akarudi nyuma ukurasa mmoja. Hakusema neno. Akaandika kitu, akanirudishia kitabu kwa mikono miwili.

Nilingoja wiki kumi na moja. Katika wiki hizo mkono ulikufa. Niliketi mbele ya karatasi na kuona mistari yangu kama ya mtu anayeomba. Mama alinikuta hivyo jioni moja, akasimama nyuma yangu muda mrefu. "Mwanangu, utaachaje kuchora kwa kungoja ruhusa ya kuchora?" Kesho yake nilichora mkono wake. Haukuwa mchoro mzuri, lakini ulikuwa mchoro.

Na leo wamenipigia.

Nimekumbuka fomu zote nilizowahi kujaza maishani: shuleni, hospitalini, benki. Kila nilipofika kwenye kisanduku cha kazi nilisita. Mara niliandika "biashara ndogo", mara "nyinginezo". Mara moja niliandika "mchoraji", karani akanitazama akauliza, "Na kazi?" nikafuta.

Nimeifungua sasa hivi. Picha yangu, jina, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Chini yake kuna mstari wa Kijerumani, herufi ndogo, unaotaja kazi ninayoruhusiwa kuifanya. Nimechukua kamusi ingawa maana yake naijua. Mchoraji wa vitabu. Nimemwita mama aje asome.