Pumzi ya Rico

Umeme umerudi saa nne usiku, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvaa hedifoni na kuirudia albamu ya reggae ya mpiga tromboni Rico Rodriguez, Man from Wareika. Hii wiki ya tatu sasa, silali bila tromboni yake.

Leo nimesikia kitu kilichokuwa kinanipita siku zote. Kabla ya noti kutoka, pumzi inatangulia. Hewa kidogo tu, kama mzee anayejiandaa kukupa habari nzito. Halafu sauti yenyewe inakuja taratibu, inajikokota nyuma ya besi makusudi, na pale unaposubiri ipande, inateremka. Hakuna anayeimba, wala sijaona pengo la maneno.

Rico alizaliwa Havana mwaka 1934, akakulia Kingston, Jamaika, kwenye shule ya wavulana ya Alpha. Masista wa Kikatoliki walioiendesha walipokea watoto wa mafukara na watukutu, wakawapa ufundi mikononi: huyu cherehani, yule uchapaji, mwingine tarumbeta. Tromboni alifundishwa na mwanafunzi aliyemtangulia palepale, Don Drummond, ambaye baadaye aling'ara na bendi ya ska ya Skatalites. Nikimsikiliza Drummond roho hugawanyika. Tungo zake ni nzuri mno, lakini Januari 1965 alimuua mpenzi wake, Margarita, mcheza dansi, na mwaka 1969 akafia hospitali ya wagonjwa wa akili. Margarita naye ninamkumbuka kila nikisikia tromboni ile.

Rico, mwanafunzi wa Drummond, alihamia Uingereza mwaka 1961, akapuliza hadi uzeeni, akafariki London mwaka 2015.

Sasa ni saa sita na nimehamia kwenye dub ya albamu hiyo, yaani nyimbo zilezile zilizochanganywa upya. Fundi mitambo ameondoa karibu kila kitu, akabakiza besi na ngoma. Tromboni inachungulia, inatamka mawili, inakatwa, na mwangwi wake unakwenda ukififia kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Wareika ni vilima vya mashariki mwa Kingston, Rico alikokuwa akipiga na Count Ossie na wapiga ngoma wake wa Kirasta. Kwangu mimi, vilima vile ndivyo vinavyomjibu humu.

Nimerudisha nyuma mara nne mahali pamoja. Besi inagonga, mwangwi haujaisha bado, na tayari pumzi nyingine inavutwa.