Betri mbili, si moja: jinsi nilivyozuia vifaa vya boti kuzimika usiku ziwani

Skrini ya kuonyesha kina na samaki ilikuwa inazimika kila nikigusa ufunguo wa injini. Hapa Dunga, bichi ya Kisumu kwenye Ziwa Victoria, nikaambiwa ninunue skrini nyingine. Mwingine akasema betri imechoka, niiongeze asidi. Fundi wa tatu akashauri nitafute betri ya lori, ati kubwa ndiyo dawa. Ushauri wote huo ni wa kukuchomea pesa, na ndiyo sababu naandika.

Boti ina futi 24, injini ya farasi 40 yenye stata, yaani mota ya umeme ya kuwashia injini. Stata ikivuta, inameza kama ampea mia kwa sekunde chache, na volti za betri zinaporomoka hadi 10 au chini yake. Skrini nyingi haziwezi kukaa hai chini ya hapo. Yangu ilikuwa nzima kabisa, imenyimwa chakula tu. Tena betri ya stata imeundwa kwa kazi hiyo moja: ndani ina sahani nyembamba nyingi, itoe nguvu kubwa kwa muda mfupi kisha injini iirudishie papo hapo. Ukiifanyisha kazi ya taa na redio usiku kucha hadi ishuke nusu, sahani zinapukutika, na miezi michache tu umezika betri. Hata ya lori ni vivyo hivyo.

Basi nikatenga. Betri ya zamani ikabaki ya injini peke yake, vifaa vikapata yao. Hasi zote mbili zimeunganishwa kwa waya mnene, chanya hazikutani kamwe.

Ya vifaa usiinunue kwa kukisia. Nilichukua kila kifaa, nikazidisha ampea kwa saa. Skrini 0.8 kwa saa 8 ni 6.4. Taa za LED za boti 0.5 kwa saa 10 ni 5. Redio ikisikiliza tu 0.4 kwa saa 10 ni 4 (ukibonyeza kuongea inaruka hadi 5 au 6, lakini ni dakika chache). Kuchaji simu, 4. Pampu ya kutoa maji, 3.5 kwa jumla ya saa moja. Inafika kama ampea-saa 23 kwa usiku mmoja. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ungehitaji 46, na ukiwekea uzee na usiku wa kusubiri upepo utulie, unaishia 70 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya kilo 20. Bichi yetu betri haiachwi ndani ya boti usiku wala mchana, lazima urudi nayo nyumbani, na kilo 20 juu ya pikipiki kila siku si mchezo.

Nikachagua betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 50. Ina kilo sita hivi na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuidhuru. Niliilipia elfu ishirini na kitu. Wenzangu waliona ni ghali, ila wao wanabadilisha betri za asidi kila baada ya msimu.

Usiifunge kwenye waya wa kuchajia wa injini. Ndani ina saketi ya ulinzi, na saketi hiyo ikikata ghafla injini ikiwa inachaji, volti zinaruka na kuua diodi za injini. Yangu inachajiwa nyumbani kwa paneli ya wati 100 juu ya mabati, kupitia kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji) yenye chaguo la lithiamu, kikomo volti 14.4. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Ukitoa, paneli itoke kwanza. Chaja za zamani zenye hali ya kufufua betri hupandisha volti hadi 15 na zaidi. Hizo ziweke mbali nayo.

Sasa niseme kuhusu waya, maana hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi. Hata baada ya kutenga betri, stata ilibaki nzito. Nikaazima multimita, kifaa cha kupimia volti, nikafanya kipimo ambacho hakuna fundi aliyenitajia. Sindano moja weka juu ya nguzo yenyewe ya risasi ya betri, si kwenye klipu ya waya. Ya pili weka kwenye klipu iliyoishika nguzo hiyo. Mtu azungushe ufunguo. Inapaswa kusoma karibu na sifuri, ikizidi 0.2 kuna uchafu. Yangu ilisoma 0.9. Karibu volti nzima ilikuwa inapotea katika nafasi isiyozidi unene wa ukucha! Nilipofungua klipu, kwa nje ilikuwa inang'aa, lakini upande wa ndani ulikuwa na ngozi ya kijivu, na chini ya waya unga wa kijani. Nikaziba vifuniko vya seli vizuri, nikakoroga vijiko viwili vya magadi ya kupikia mboga katika kikombe cha maji, nikamwagia. Yalichemka povu. Nikasuuza, nikasugua kwa msasa hadi risasi ikawa nyeupe, nikakaza, kisha grisi juu, si katikati. Kipimo kikashuka hadi 0.05. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi.

Waya wa kwenda kwenye vifaa nao una hila. Kuna waya unaouzwa kama shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Kata ncha kwa wembe uitazame mahali ulipokatia: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, hata ile iliyopakwa bati kwa nje. Ukiona weupe katikati, rudisha. Ule mgumu wa nyumba usiutumie, mtikisiko wa injini unauvunja ndani ya ganda. Kwa mita 6 kwenda na 6 kurudi, ampea 5, waya wa mm² 1.5 unapoteza kama volti 0.7. Wa 6 unapoteza chini ya 0.2. Fyuzi kubwa iwe karibu na chanya, isizidi shibiri moja, kisha kila kifaa kiwe na yake. Ya skrini, ampea 3 zinatosha. Waya wa skrini usiufunge pamoja na wa pampu, utaona mistari inayofanana na samaki.

Betri ya injini bado ni ya asidi, na matunzo yake ni madogo ila ya kila mwezi. Maji yakipungua ongeza maji ya betri, si asidi. Vyote viwili hukaa rafu moja dukani, chupa zikifanana, soma lebo. Asidi haipotei, kinachokauka ni maji. Ya ziwani yana madini, usijaribu. Jaza baada ya kuchaji, sahani zifunikwe kama sentimita moja. Kama zimeachwa wazi, zifunike tu kwanza, chaji, kisha jaza. Chaji mahali penye hewa, mbali na tangi la petroli, maana inatoa haidrojeni.

Ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, 12.0 irudishe kwenye chaja siku hiyo hiyo, kwa sababu ikikaa chini salfeti inaganda kwenye sahani. Lithiamu usiipime hivi. Iwe imejaa au imefika nusu, itasoma 13 na kitu, kwa hiyo nimeweka mita inayohesabu ampea zinazotoka na kuingia.

Uvuvi wa omena (dagaa) ukifungwa, Aprili hadi Julai, ya asidi naijaza kabisa, naichomoa hasi, na kila mwezi naichaji tena. Ya lithiamu naiacha nusu, kivulini, bila kuifunga na chochote.