Tuliofundisha mtandaoni kipindi cha Korona tuna la kusema

Kila nikisikia mtu anasema "hiyo ya kufundisha mtandaoni si tuliijaribu kipindi cha Korona ikagoma" naumia sana, kwasababu tulichofanya 2020 kilikuwa ni kuokoa semista tu. Kozi ya mtandaoni ya maana inaandaliwa miezi kadhaa kabla, unapanga kipi wasome wenyewe, kipi mjadiliane, kipi wafanye kwa vitendo. Sisi tulipewa siku chache. Shirika la Afya Duniani limetangaza janga tarehe 11 Machi, mwezi haujaisha vyuo vimefungwa karibu kila kona ya dunia na UNESCO wanahesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 wako nyumbani, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Kuna watafiti wa Marekani waliandika mwezi huohuo kwamba ufundishaji wa dharura usije ukalinganishwa na kozi iliyoandaliwa kwa ajili ya mtandao, ila nani alikuwa na muda wa kuwasikiliza.

Kilichonitesa kuliko vyote ni kutojua nani kaelewa. Darasani mtu akikunja uso najua hapa nirudie, wakianza kunong'onezana najua mfano wangu haujaeleweka. Kwenye Zoom naongea na viboksi vyeusi vyenye majina, nauliza "tuko pamoja?" kimya, naendelea, halafu inaingia meseji "mwalimu sauti inakatika tangu slaidi ya tatu" na hapo nipo ya kumi na nne!

Wenzangu wengi walilazimisha kamera ziwashwe na hapo tulibishana kwelikweli. Mimi msimamo wangu haujabadilika: usimlazimishe. Huyu anasoma chumba kimoja na wadogo zake, yule bando lake ni la kuungaunga na video inakula MB vibaya mno, na wengine hawataki tu watu waone wanapoishi, ni haki yao. Halafu hata sisi wenyewe ile kutwa nzima kujiangalia sura kwenye skrini inachosha, mtafiti Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliliandika hili 2021, kwamba macho mengi yanayokukodolea kwa karibu pamoja na kujiona muda wote vinaipa akili kazi ambayo darasani haipo.

Kilichonisaidia ni kuachana na lekcha ndefu za moja kwa moja. Narekodi vipande vya dakika kumi hivi, naweka Moodle (mfumo wa mtandaoni wa kuwekea masomo), sauti peke yake natuma kwenye grupu la WhatsApp kwa wenye mtandao wa kusuasua, kipindi chenyewe kinabaki cha maswali tu. Na hapa ndio nikakutana na jambo zuri, wale wanafunzi ambao darasani hawanyooshi mkono kabisa wakaanza kuandika maswali kwenye chati, maswali mazito yenye kuonyesha mtu kasoma, kumbe walikuwa nayo siku zote.

Mitihani ndio ilikuwa kizungumkuti. Vyuo vingine vilinunua programu za kumchunga mwanafunzi kwa kamera, mimi naona ni kumdhalilisha, bora utunge swali ambalo hata akifungua vitabu vyote bado inabidi afikiri. Kusahihisha majibu ya hivyo kunachukua muda mrefu, hilo siwezi kukataa.

Na muda ndio kitu ambacho hakuna aliyetuhesabia. Meseji za wanafunzi saa tano usiku, kurekodi alfajiri kabla nyumba haijaamka, wenye watoto wadogo ndio usiseme, tafiti kadhaa za kipindi kile zilionyesha wanawake wasomi ndio waliopunguza zaidi kuandika makala. Wakati wa kupandishwa vyeo unafika mtu anaulizwa machapisho yake mangapi, haulizwi alirekodi vipindi vingapi wala aliwavusha wanafunzi wangapi. Kamati za vyeo ziweke hiyo kazi kwenye hesabu, wenye rekodi zao bado wanazo, waombwe wazilete.