Mzee wa Kisu: nilivyomtafuta karani wa London wa karne ya 19

Mama mkwe wangu ana kopo la bati la biskuti ambalo halijaona biskuti tangu enzi za vita. Ndani mna picha, vyeti viwili vitatu, na kisu kidogo cha mpini wa mfupa, bapa lake limeliwa kwa kunolewa. "Kisu cha babu mwanasheria," ndivyo wanavyokiita. Katika ukoo huo kila mtu anajua kwamba babu wa babu wa mume wangu alikuwa mwanasheria London, mtu mkubwa, na kwamba mali yake ilipotea kwa njia ambayo hakuna anayeikumbuka vizuri.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu ukisikia mali ilipotea na hakuna anayekumbuka vizuri, unaanza kushuku kwamba haikuwepo.

Binti yangu ndiye aliyeniingiza. Alipewa kazi ya shule achore mti wa ukoo. Upande wangu ulijaa kwa simu moja, maana shangazi yangu ana majina ya vizazi saba kichwani, na nani alimwoa nani, na nani alinyimwa mirathi. Upande wa baba yake ukakwama kwa mwanasheria. Binti akaandika "mwanasheria" kwenye kiboksi, bila mwaka wala mahali, akanitazama kama vile kosa ni langu.

Nikaanza pale ambapo mtu yeyote angeanza. Uingereza ilikuwa na kitabu kilichochapishwa kila mwaka chenye orodha ya mawakili wote, na nakala nyingi za karne ya 19 zinasomeka mtandaoni. Nilipitia miaka ya 1840 hadi 1870. Jina la ukoo wao ni la kawaida mno (sitalitaja hapa), kwa hiyo nilipata watu wa jina hilo tele, ila kila niliyemfuatilia alikuwa na watoto wasio wetu. Nikajipa moyo kwamba labda alikuwa bado mwanafunzi. Kumbe kijana aliyetaka kuwa wakili alifungwa mkataba wa miaka mitano kwa wakili mkubwa, na hapo kati ya 1815 na 1853 ushuru wa stempu peke yake ulikuwa pauni 120, achilia mbali ada ya wakili mwenyewe. Mikataba hiyo iliandikishwa, na daftari zake zipo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Kew, London. Hamna kitu. Mwezi mzima uliishia hapo.

Jumapili moja nikampigia baba simu kwa mambo mengine kabisa. Baba yangu alikuwa karani wa wakili mmoja pale Tanga kwa miaka 31, akipiga taipu hati za viapo na mikataba ya viwanja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hawajambo wajukuu?"

Nikamweleza wajukuu, kisha nikamweleza huyo mwanasheria asiyeonekana. Akasikiliza.

"Una karatasi yoyote inayosema alikuwa wakili?"

"Sina. Kuna kisu tu."

"Kisu cha namna gani?"

Nikakieleza: kifupi, kimenolewa mpaka kimekonda. Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, wakili hachongi kalamu za unyoya. Huyo ni karani mwenzangu."

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna mwongozo wa kutafuta ukoo niliousoma uliolisema waziwazi. "Mimi jina langu hutalikuta kwenye orodha ya mawakili hata ukeshe. Lakini nenda kwenye hati za viwanja za miaka ile, usisome juu, angalia chini pale pa shahidi. Wenye mali wanakuja na kuondoka, wakili ameitwa mahakamani. Anayebaki ofisini kushuhudia saini ni karani."

Nikaanza upya, safari hii natafuta karani, na kwa kurudi nyuma hatua moja moja badala ya kurukia kwa mzee moja kwa moja. England na Wales zilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha ndoa kina safu ya jina na kazi ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi. Nikaagiza cheti cha ndoa cha mwanawe, aliyezaliwa 1857. Hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kukiagiza. Kwenye safu ya baba: karani wa sheria, marehemu. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa kwenye safu moja, na bei yake pauni chache.

Kutoka hapo nikaingia kwenye sensa. Za Uingereza zinafanyika kila miaka kumi na zinafunguliwa kwa umma baada ya miaka mia. Ile ya 1861 ikanipa mtoto wa miaka mitatu akiwa Islington, kaskazini ya London, na mama yake na dada zake wawili. Mama ameandikwa "mke wa karani wa wakili". Mume hayupo. Ile ya 1851 wako pamoja, na safu ya mahali pa kuzaliwa inasema Norwich, mji wa mashariki wenye wafumaji wengi. Sensa ya 1841 ndiyo iliyonichelewesha. Nilimpata kijana wa jina lake Norwich, kazi yake karani, nikamkataa kwa sababu umri ulikuwa 20 na mimi nilihitaji wa 22. Wiki tatu baadaye ndipo nikajua kwamba mwaka ule waandikishaji waliambiwa washushe umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye tano ya chini yake. Wa 22 anakuwa 20, wa 29 anakuwa 25. Alikuwa yeye.

Kwa kipindi cha kabla ya 1837 unategemea madaftari ya makanisa. Kwa bahati, tangu 1813 daftari la ubatizo lilikuwa na safu ya kazi ya baba. Yeye alibatizwa 1819. Kazi ya baba: mfumaji. Basi mwanasheria wetu mkubwa alikuwa mtoto wa mtu wa kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, aliyejua kuandika vizuri kuliko wenzake.

Nikaomba likizo ya siku mbili nikapanda treni kwenda Norwich, kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa wa Norfolk. Orodha za hifadhi hizi zinataja muuzaji na mnunuzi wa nyumba, hazitaji mashahidi. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Niliagiza mafurushi ya hati za nyumba za mjini kati ya 1840 na 1850, moja baada ya jingine, nikawa nageuza upande wa nyuma tu. Chumba kile kalamu ya wino ni marufuku, unaandika kwa penseli. Hati unailaza juu ya mto wa sponji na kuikandamiza kwa kamba nzito zilizojazwa madini ya risasi, maana hati hizo ziliandikwa juu ya ngozi ya kondoo, na ngozi iliyokunjwa miaka 170 haitaki kukunjuliwa. Inajirudi kama mkeka mpya.

Siku ya kwanza sikupata kitu, isipokuwa vidole vyeusi. Siku ya pili, baada ya saa sita mchana, nikafungua hati ya 1847. Ngozi mbili zimeshonwa pamoja chini kwa utepe, kila moja inazidi mkeka wa kuswalia kwa upana. Maneno ya mwanzo yamenakshiwa kwa herufi nene nyeusi, kisha mistari inafuatana ukingo hadi ukingo bila nukta wala aya, ili mtu asipate nafasi ya kuchomeka neno. Ngozi ya kondoo ilipendwa kwa kazi hiyo, kwani ina matabaka, na ukikwangua maandishi kwa hila inaacha doa linaloonekana. Nikageuza. Nyuma, chini ya saini ya muuzaji iliyotetemeka, kulikuwa na jina lake kamili, na baada ya jina: karani wa bwana fulani, wakili, Norwich.

Sikupiga kelele, chumba kilikuwa kimya mno. Nilimwita mhudumu nikamwonyesha kwa kidole bila kugusa, naye akatabasamu kama mtu anayeyaona hayo kila wiki.

Mwandiko wa jina ulifanana na mwandiko wa hati nzima. Yaani ndiye aliyeinakili pia. Nilirudi mbele nikaikagua upya kwa macho mengine. Mstari wa kumi na kitu, neno moja lilikuwa limekwanguliwa na kuandikwa tena, na mahali pale ngozi ina manyoya madogo kama nyuma ya jani la mpera. Nikakumbuka kisu kile kwenye kopo la biskuti. Pengine sicho. Mimi nimeamua ndicho.

Kuhusu ile mali iliyopotea, jibu lilitoka kwenye London Gazette, gazeti la serikali ambalo matoleo yake ya zamani yanasomwa bure mtandaoni. Kompyuta inayasoma vibaya majina ya chapa ya zamani, kwa hiyo nilitafuta jina la mtaa wao wa Islington badala ya jina la mtu. Lilitokea tangazo la 1858 la Mahakama ya Wadaiwa Wasiojiweza. Matangazo hayo yanamvua mtu nguo hadharani, maana yanaorodhesha kila alikoishi na kila alichofanya, ili wanaomdai wamtambue. Zamani wa Norwich, karani wa wakili. Kisha wa Islington, karani wa wakili, akipangisha vyumba. Na sasa bila kazi, yuko Gereza la Wadaiwa la London na Middlesex. Gereza hilo lilikuwa mtaa wa Whitecross Street, London. Uingereza iliacha kwa sehemu kubwa kuwafunga watu kwa deni mwaka 1869. Yeye aliwahi mno.

Hapo nikaelewa sensa ya 1861. Nilimtafuta peke yake nikampata mpangaji kwenye kichochoro karibu na Chancery Lane, mtaa wa wanasheria wa London, na safari hii kazi yake si karani wa wakili tena, ni mwandishi wa sheria. Tofauti ni kubwa. Mwandishi wa sheria hakuwa na ofisi. Alipewa kazi na wauza karatasi za kisheria wa mitaa ile, akalipwa kwa folio, na folio lilikuwa maneno 72, au 90 kwa nyaraka za mahakama ya Chancery. Leo kuna kazi, kesho hamna, na ikiwepo ni ya kukesha. Cheti chake cha kifo ni cha 1868, miaka 49, ugonjwa umeandikwa kwa neno la kizamani la kifua kikuu. Aliyetoa taarifa ni mkewe, aliyekuwapo alipokata roho, kwa hiyo walikuwa wamerudiana au angalau alikwenda kumuuguza. Mkewe hakutia saini. Aliweka alama ya msalaba, kama alivyoweka siku ya ndoa yao mwaka 1844.

Nilimpelekea mama mkwe nakala zote. Cheti cha kifo ndicho alichokishika muda mrefu. Kuhusu gereza hakusema neno, ila mara ya pili nilipokwenda, kisu kilikuwa kimetoka kwenye kopo na kuwekwa kabatini penye vyombo vya wageni. Binti yangu alifuta "mwanasheria" akaandika "karani", akachora kisu pembeni. Yeye ni kilembwekeza wa mzee huyo, na neno hilo alinilazimisha nimfundishe atamke.

Baba nilimtumia picha ya saini kwenye simu. Alikaa kimya nusu saa, halafu ukaja ujumbe wa sauti. Mkono wake mzuri, alisema, ila hapo alikuwa anaharakisha, tazama mkia wa herufi ya mwisho, huyo alishachoka na saa ya kutoka ilishapita. Kisha akauliza: huyo wakili wake wa Norwich, alikuwa anamlipa kwa wakati?

Daftari za Mahakama ya Wadaiwa zipo Kew. Nimeweka nafasi Jumanne.