Mkuu wa Chuo Alipokuja Mwaloni

Nilisomea uchungaji Kongwa, Dodoma, mbali kabisa na Ziwa Victoria. Kwa hiyo nilishangaa kumwona Mkuu wetu wa Chuo akishuka melini Nansio, Ukerewe, begi begani, amekuja kunikagua kwenye mazoezi ya vitendo. Mtu ana walimu wa kuwatafutia mishahara na bweni zima la kulisha ugali na maharage, lakini amekatiza nchi na kuvuka maji kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Zamani alikuwa kasisi wa vijijini, na nadhani hamu ya mtaa, yaani parokia, haikuwahi kumtoka.

Kasisi wa mtaa alimweleza kinachotusumbua. Kipindi cha Biblia cha Jumatano jioni wiki hii kinajaa, halafu wiki mbili mfululizo wanakuja bibi wawili na watoto. Wazee wa kanisa walisema ni ulegevu wa imani. Mkuu hakujibu. Aliomba tu apelekwe mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki.

Asubuhi tulimkuta mama mmoja akianika dagaa. Mkuu alimwamkia, akachuchumaa, akaanza kugeuza naye. Magamba madogo yalimganda kwenye mikono ya shati, meupe yanayong'aa.

"Shikamoo Baba Mchungaji, utanuka!" mama akasema.

"Marahaba, mama. Nifundishe kwanza, kunuka baadaye."

Akamfundisha. Usiku wa giza mitumbwi inaingia majini na taa, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika. Siku za giza akina mama wanapokea mzigo alfajiri na kushinda juani wakigeuza, maana mvua ikiwanyeshea, dagaa wanauzwa bei ya chakula cha kuku. Jioni kama hiyo nani ana macho ya kusoma Warumi? Mkuu alitoa daftari akachora duara za mwezi, kubwa na nyembamba, na chini yake akaandika nani yuko wapi.

Usiku alinisimulia habari aliyokuwa akiifundisha darasani, lakini safari hii tulikuwa kwenye kisiwa chenyewe. Desemba 1877 wamisionari wawili wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa hapa Ukerewe. Mfanyabiashara Mwarabu, Songoro, alikuwa na ugomvi na mtawala Lukonge, akakimbilia kwao, na shambulio likawakuta wote pamoja. "Mwanangu," akaniambia, "walikuwa watu wa sala kweli kweli. Lakini ufukwe una mambo yake kabla hujafika na Biblia yako. Yaulize."

Baada ya ibada ya Jumapili aliwaita wazee na daftari lake. Hakuwakemea. Aliwauliza tu mbalamwezi itaanza lini, wakajibu bila kufikiri, wote ni watoto wa ziwa. Jumatano ikafutwa, kipindi kikafuata mwezi. Wavuvi ambao sikuwahi kuwaona kanisani wakaanza kuja, wengine na wake zao.

Muhula uliofuata, mtihani wa huduma ya kichungaji ulianza na swali ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote: eleza watu wa mtaa wako wanatafuta riziki saa ngapi na msimu gani. Wenzangu wa Ugogo waliandika habari za mtama na ng'ombe. Mimi niliandika mwezi na dagaa mpaka karatasi zikaisha, na Mkuu akazisahihisha zote mwenyewe, mstari kwa mstari.