Mrututu, mvua na waini ya Signora

Jana mwanangu kakuta picha kwenye simu yangu ya zamani, akauliza, mama mbona mikono yako ya bluu, ulikuwa unapaka rangi? Nikamwambia mrututu. Mrututu ndo nini? Nikamfukuza akaoge, maana akili ilishahamia Panzano, 2023.

Kwa Signora, yule bibi mwenye shamba, ndiyo. Wale mlionitania eti nimetoka Dodoma kwenda Italia kulima zabibu, haya, huko huko. Kishamba kidogo pale Chianti, mizabibu yote aina ya Sangiovese, nembo ya jogoo mweusi kwenye shingo ya chupa, na nyuma lile jani la nyota la kilimo hai. Sasa watu wakisikia kilimo hai wanadhani hupulizi kitu. Weee! Unapuliza mpaka mgongo unakufa, ila ni salfa, na mrututu, ile dawa ya bluu ya shaba, uliochanganywa na chokaa. Na mrututu unakaa juu ya jani tu, hauingii ndani kama baadhi ya dawa za dukani, kwa hiyo mvua ikipiga umeoshwa, unaanza upya, na ubwiri wenyewe, ule ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, haukusubiri. Mwaka ule Mei na Juni mvua ilinyesha kama imeajiriwa.

Ile asubuhi sasa. Mvua imekatika alfajiri, trekta imezama kwenye tope, mwanawe Signora anaizunguka anatukana, Signora akasema basi tunabeba. Bomba mgongoni, lita 15, mteremko, tope linavuta buti, langu linavuja begani maji ya bluu yanashuka mpaka kiunoni, na yeye bibi wa miaka sabini na kitu yuko mstari wa pili ananipigia kelele, chini ya jani mwanangu, chini, huko ndiko ubwiri unakoingilia! Tumefika katikati ya shamba nikasikia tone shingoni. Nikajifanya sijasikia. Likaja la pili. Nikageuka nikamkuta kasimama, uso juu, macho kafumba, bomba bado linapuliza hewani tu. Mvua ikamwagika yote. Tukabaki tunaangalia bluu inatiririka kwenye majani, inashuka kwenye shina, inaingia ardhini, kazi yote ya toka alfajiri. Halafu akasema taratibu tu, "Na hii nayo inahesabiwa."

Maana sheria ya Ulaya inakupa kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka 7, na wanahesabu ulichopuliza, siyo kilichobaki kwenye jani. Alikuwa na daftari lake, anaandika mpaka gramu.

Mwanawe akaja mbio, mama, dawa ya dukani mara moja tu, cheti cha kilimo hai kiende, zabibu zibaki. Signora hakumjibu. Akaniambia nimsaidie kuvua bomba.

Septemba tukavuna kilichokuwepo. Mistari ya bondeni vichala vilishakauka vikawa kama havikuwahi kuwa zabibu, kule juu kwenye upepo vikapona. Waini ikatoka tamu kweli (tamu ya kusifia, siyo ya sukari), ina ukali kidogo na harufu ya cheri, chupa chache mno, hela haikurudi.

Kwetu Dodoma unavuna mara mbili kwa mwaka, ukikosa huu unangoja ule, yeye ana nafasi moja tu, na bado aligoma. Sijui niuite msimamo au ubishi. Na shaba yenyewe haiozi, ikishaingia kwenye udongo imeingia, ikizidi minyoo inaumia, hilo Signora analijua kuliko mimi, na mwanawe ndipo anapomkamatia hapo: mama, dawa yako ndiyo itakayobaki shambani tukishakufa wote! Yeye anajibu kwamba baba yake alipuliza hiyo hiyo na minyoo ipo, njoo uchimbe uone.

Mpaka leo nikipiga simu nawakuta kwenye hilo hilo, na lazima mmoja aichukue simu aniulize niko upande gani. Huwa nawaambia mtandao unasumbua.